Saa Kumi ya Tulivuni

Nchi ya Tulivuni haipo, na hilo naliweka wazi mapema ili wanaoishi humo wasijisumbue kuniandikia barua. Kwenye ramani iko pale karatasi inapokunjwa, ndiyo maana wageni wengi huipita bila kuiona, na wenyeji hawaioni njia ya kutokea. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na mmoja. Ina pia Wizara ya Kazi, na katika wizara hiyo, ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango unaosugua sakafu, aliketi Bwana Abeid Shekolowa, mwandishi wa mikataba daraja la pili.

Shekolowa alikuwa mtu msafi. Hakuwahi kula rushwa, na kwa haki tuseme kwamba hakuna aliyewahi kumpa. Kazi yake ilikuwa kuandika mikataba ya ajira ya viwanda vya serikali, na kila mkataba aliumalizia orodha ya majukumu kwa maneno aliyoyakuta pale, kama walivyoyakuta waliomtangulia: "na kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mkuu wake." Kwa maneno hayo wahasibu wa Tulivuni walikuwa wamebeba majokofu ya mashemeji wa mawaziri, wauguzi walikuwa wamecheza ngoma uwanja wa ndege, na mpima ardhi mmoja alipangiwa kulia msibani, akalia vizuri mpaka akapandishwa cheo. Hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alikuwa ametia sahihi.

Mwaka wa Jubilei ya Dhahabu ulipokaribia, Waziri aligundua kwamba nchi inatumia karatasi nyingi mno. Akaagiza kuwa kuanzia siku ile kila mkataba wa ajira uwe wa ukurasa mmoja, na mwandishi atakayeingia ukurasa wa pili aandike barua ya kujieleza, nayo isizidi ukurasa mmoja.

Shekolowa akakaa kuandika mkataba mpya wa mafundi wa Kiwanda cha Taifa cha Bendera. Alibana hapa, akabana pale, akafuta likizo ya uzazi kwa kuwa ilikula mistari miwili. Mwishoni ikabaki ibara ya saa za kazi: "Mwajiriwa atafanya kazi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni." Alipoitoa mashineni akaona kwamba yote yameenea isipokuwa neno moja. Neno "jioni" lilikuwa limeangukia ukurasa wa pili, peke yake, na nukta yake.

Alifikiri. Ukubwa wa herufi ulikuwa umewekwa na kanuni, hauguswi. Pembezoni palikuwa pamewekwa na kanuni nyingine. Kitu pekee kilichokuwa na nafasi ya kupunguzwa kilikuwa pale juu, ambapo mkataba ulisema umetolewa kwa idhini ya Mheshimiwa Dokta wa Heshima Mwinyikheri Pazia, Waziri wa Kazi, Ajira, Jitihada na Moyo wa Kujitolea, Mlezi wa Wafanyakazi Wote, Mshindi wa Nishani ya Jasho mara tatu mfululizo. Ilikuwa mistari minne. Shekolowa alilitazama jina la Waziri, na jina la Waziri likamtazama yeye.

Akafuta "jioni". Kisha akajituliza: kwani nani hajui kwamba kazi huisha saa kumi ya jioni? Hata mbuzi wanaolala kwenye ngazi za wizara wanajua. Ule ukurasa wa pili hakuutupa, kwa sababu ulikuwa karatasi nzima na karatasi zilikuwa zimeadimika. Akautia kwenye droo.

Mafundi wa bendera walikuwa elfu nne, kwa hiyo neno moja lilikuwa limeokoa karatasi elfu nne. Waziri alisikia, akafurahi, akampa Shekolowa cheti cha Mbana Matumizi wa Mwaka na chupa ya chai yenye maua mekundu. Watu walipiga makofi. Shekolowa akainama kwa heshima, akatamani dada yake angekuwepo amwone.

*

Dada yake alikuwa kazini. Mwantumu Shekolowa alikuwa fundi wa Kiwanda cha Bendera kwa mwaka wa kumi na nane. Aliingia pale mama yao alipofariki, Abeid akiwa bado shule, na karo ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwenye cherehani kile. Shati lake la shule lilitoka hapo pia, limeshonwa kwa vipande vyeupe vya bendera vilivyokataliwa kwa kuwa havikuwa vyeupe vya kutosha. Abeid alilivaa miaka miwili, na hakuna mwalimu aliyejua kama ni masalia.

Kwa Jubilei serikali ilikuwa imeagiza bendera moja kwa kila mwananchi, wakiwemo wale ambao hawajazaliwa ila wanatarajiwa. Siku ya kwanza ya mkataba mpya, saa kumi jioni ilipofika, mafundi walikunja vitambaa, wakafunika vyerehani, wakaelekea getini. Getini alisimama Meneja Mkuu, Bwana Tindwa, mkataba mkononi na miwani puani.

"Mnakwenda wapi, ndugu zangu?"

"Nyumbani, Meneja," alisema Mwantumu, aliyekuwa mbele. "Saa kumi imefika."

"Saa kumi ipi?"

Mwantumu akaelekeza kidole kwenye saa ya getini.

"Naomba tusaidiane kusoma," alisema Bwana Tindwa kwa upole. "Hapa nimeandikiwa saa kumi tupu. Hii iliyopita sasa hivi ni ya jioni, nami ya jioni sikuandikiwa. Ningekuwa mtu wa ajabu kuwaruhusu kwa saa ambayo haimo. Turudini ndani tungoje nyingine."

Nyingine ilifika alfajiri. Basi ikawa hivyo kila siku: watu waliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi alfajiri, wakapata saa nne za kwenda nyumbani, kupika, kuogesha watoto, kulala na kurudi. Kiwanda kikawapa kikombe cha uji na pongezi za mdomo. Fundi mmoja alisinzia akashona mkono wa gauni lake kwenye bendera, na bendera ile ikapandishwa hivyo hivyo mbele ya ubalozi fulani, balozi akaisifu kwa ubunifu.

Walipouliza malipo ya saa za ziada, mhasibu aliwashangaa kwa dhati. "Saa za ziada huanza baada ya saa kumi," aliwaambia. "Nanyi saa kumi yenu ikifika mnatoka. Ziada yenyewe iko wapi?"

Mwantumu akaamua kwenda kushitaki. Baraza la Usuluhishi wa Migogoro Midogo lilitoa fomu zake dirishani kuanzia saa mbili hadi saa kumi, na saa kumi ya Baraza ilikuwa ya jioni, ingawa siku nyingi ilifika mapema, mnamo saa sita. Mlalamikaji alitakiwa afike mwenyewe. Aliye kazini muda huo alishauriwa aombe ruhusa kwa yule anayemlalamikia. Mwantumu akaiomba kwa Bwana Tindwa, akapewa dakika ishirini, akazitumia kumi na nane kwenye foleni na mbili kujaza fomu.

Jibu la kiwanda lilikuja upesi kuliko barua yoyote katika historia ya nchi. Lilisema kwamba mkataba mpya, kwa ibara yake ya pili, unatafsiri pia mikataba yote iliyotangulia. Kwamba Mwantumu Shekolowa, kwa miaka kumi na minane, amekuwa akitoroka kazini saa kumi na mbili kila siku. Kwamba anadaiwa na taifa miaka saba na ushee ya kazi. Na kwamba kiwanda kinaomba afukuzwe kwa wizi wa muda na kiinua mgongo chake kizuiwe. Kiinua mgongo hicho kilikuwa kimebakiza miaka miwili kumfikia, na alikwisha kukipangia paa la bati.

*

Jumapili alfajiri, alipotoka kiwandani, Mwantumu alikwenda kwa mdogo wake. Alipanda ngazi pole pole, akishika ukuta, akaketi kwenye kochi bila kungoja kukaribishwa, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hata alama za kanda zilibaki zimechorwa juu yake.

"Dada, miguu imekuwaje?"

"Miguu ya kukaa hiyo. Cherehani hakijui kusimama." Akacheka. "Nipe chai, Abeidi, usinitazame kama daktari."

Shekolowa akammiminia chai. Alipofika nusu ya kikombe ndipo alipotambua kwamba anamimina kutoka kwenye ile chupa ya maua mekundu.

"Chupa nzuri," alisema Mwantumu. "Umenunua?"

"Zawadi. Ya kazini."

"Ya kazi gani?"

"Kazi tu, dada. Unaweka sukari ngapi siku hizi?"

Alikuwa anajua ni vijiko vitatu, anajua tangu akiwa mtoto. Mwantumu akakoroga, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Sasa nisikilize. Mikataba yetu uliandika wewe, si ndiyo?"

"Niliandika mimi."

"Hilo neno la jioni. Uliliandika au hukuliandika? Niambie kweli, maana nina watu elfu nne nyuma yangu na wote wananiuliza."

"Niliandika, dada. Haki ya Mungu niliandika." Akaenda kwenye mkoba wake, akatoa ule ukurasa wa pili. Alikuwa ameutoa kwenye droo ya ofisi tangu siku aliposikia habari za getini, akawa anatembea nao bila kujua ataufanyia nini. Mwantumu aliupokea kwa mikono miwili. Karatasi nyeupe, na juu kabisa, kona ya kushoto, neno moja na nukta.

"Hili hapa!" Macho yalimjaa machozi. "Hili hapa, mwanangu wee! Sasa nani mshenzi aliyelitoa?"

Hapo ndipo mtu angesema. Chumba kilikuwa na watu wawili, chai ilikuwa ya moto, na yule aliyeuliza ndiye aliyemfundisha kusema ukweli, kwa kofi mara mbili na kwa maneno mara nyingi.

"Wakubwa," alisema Shekolowa. "Huko juu."

"Nilijua! Niliwaambia wenzangu: mdogo wangu yuko wizarani, hawezi kutufanyia hivi. Sasa utakuja Barazani useme?"

"Nitakuja."

"Na hii uje nayo wewe mwenyewe, ikitoka kwangu watasema nimeitengeneza." Akamrudishia. Akavaa viatu kwa shida, akakataa kusindikizwa, akasema ana saa tatu za kulala na hataki kuzipoteza njiani akiongea. Shekolowa alibaki amesimama mlangoni, akiona aibu kiasi kwamba alishindwa kurudi ndani kuiangalia ile chupa.

*

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Mafundi waliruhusiwa kuhudhuria kwa sharti kwamba wangeshona wakiwa wamekaa, hivyo bendera zilipita kutoka goti hadi goti mpaka mlangoni. Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Kassala, aligonga meza, akatangaza kwamba Baraza ni huru kabisa, kisha akamuuliza Waziri kama anaruhusu kuanza.

Aliitwa kwanza mtaalamu kutoka Idara ya Maneno ya Taifa. Alipandisha suruali, akakohoa. "Waheshimiwa," alisema, "jioni ni kielezi. Kazi ya kielezi ni kuja kueleza. Kisipokuja, hakuna kilichoelezwa. Na kisichoelezwa hakiwezi kukiukwa. Kisayansi hapa hakuna mgogoro, kuna ukimya." Wajumbe wakaandika neno "ukimya".

Akaulizwa Bwana Tindwa kama hakuona vibaya kuwaweka watu kazini saa ishirini. Akajibu kwamba aliona vibaya sana, usiku mmoja hata alikosa hamu ya kula, lakini mkataba ni mkataba, na yeye si mtu wa kuongeza maneno yake kwenye karatasi za serikali.

Kabla Shekolowa hajaitwa, Waziri alitoka kwenda kupunga hewa, akampungia mkono amfuate. Wakasimama nje ya ukumbi, kwenye korido, chini ya picha ya Waziri. Waziri akamwekea mkono begani.

"Kijana wangu, unaonekana mchovu."

"Hapana, Mheshimiwa."

"Nimesikia una karatasi."

Shekolowa akagusa kifua cha koti lake.

"Sikukatazi kuitoa. Nchi hii ina uhuru. Ila ukisema neno lilikuwepo, swali litakalofuata ni nani alilitoa. Mimi sikumbuki. Meneja hakumbuki. Cheti kinakumbuka, maana kina jina lako." Waziri akatabasamu, akamfuta vumbi ambalo halikuwepo begani. "Kwa upande mwingine, tunafungua Kurugenzi ya Tafsiri za Saa. Nahitaji mkurugenzi anayejua kusema kwa kifupi. Nyumba ipo, gari lipo. Dada yako naye hatutamtupa, tutaona la kufanya. Amua tu kama mtu mzima."

Wakarudi ndani. Shekolowa akaitwa, akaapishwa, akasimama. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na ile karatasi, akaisikia ikilia kila alipopumua. Mstari wa mbele aliketi Mwantumu. Alikuwa amevua viatu na kuificha miguu chini ya bendera aliyokuwa akiishona, na alikuwa anamtazama mdogo wake huku ametabasamu vile alivyotabasamu siku ile ya kutoa zawadi shuleni, Abeid alipoitwa jina mbele ya watu, na shati lake jeupe.

"Bwana Shekolowa," alisema Mwenyekiti. "Wewe ndiwe mwandishi wa mkataba huu. Lieleze Baraza. Ulipoandika saa kumi, ulikusudia saa kumi ipi?"

Sindano zote zilisimama. Shekolowa akapeleka mkono kifuani, ukaingia ndani ya koti, vidole vikagusa karatasi. Akamwona Mwantumu akitikisa kichwa kidogo, haya, itoe. Akamwona Waziri akitazama dari. Akawaza cheti, jina lake kwa wino wa dhahabu. Akawaza elfu nne wakisikia kwamba aliyelitoa lile neno ni yeye, na kwamba alipewa chupa ya chai.

Mkono ukatoka na kitambaa cha jasho.

"Saa kumi," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba, "ni saa kumi."

Kisha Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. "Saa kumi ni saa kumi!" alisema. "Hebu oneni!" Wajumbe wakasimama, wakapiga makofi. Mtaalamu wa maneno alitokwa na machozi ya kitaaluma. Waziri aliomba sentensi ile irudiwe polepole ili waandishi wa habari waipate, na Shekolowa akairudia.

Hukumu ilisomwa palepale, maana ilikuja imeshapigwa chapa. Saa kumi itakuwa ile atakayoichagua mwajiri, kwa siku atakayoichagua. Madai ya saa za ziada yamefutwa kwa kukosa ziada. Mwantumu Shekolowa amekutwa na hatia ya wizi wa muda, ila kwa huruma ya Waziri hatafukuzwa. Atabaki kazini mpaka arudishe miaka yote saba na ushee, na kiinua mgongo kitasubiri. Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho. Aliinamia bendera yake, akatafuta pale alipoachia uzi, akaendelea.

Shekolowa alitoka kwa mlango wa nyuma. Chooni mwa Baraza aliichana ile karatasi vipande vidogo, akaitupa, akavuta maji. Maji yalikuwa hayatoki tangu mwezi uliopita. Akakaa pale muda mrefu akivitazama vile vipande, mpaka akaokota kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni.

*

Maandalizi ya Jubilei yalifana. Waziri aliamuru maneno ya Shekolowa yashonwe kwa uzi wa dhahabu kwenye bendera zote, na kwa kuwa bendera zilikuwa tayari, mafundi walipangiwa kuzianza upya, chini ya ibara ya kazi nyingine yoyote. Watoto wa shule waliimba kwamba saa kumi ni saa kumi. Wenye nyumba walianza kukusanya kodi kwa kusema kwamba mwezi ni mwezi, na hospitali zikawajibu wagonjwa kwamba dawa ni dawa.

Shekolowa alipata nyumba, na gari likaja. Kwa dada yake hakwenda. Alimtumia sukari na mchele kwa dereva, dereva akarudi navyo, akasema mama yule ameshukuru sana ila amesema havimpiti kooni. Shekolowa akamwambia dereva achukue yeye. Siku hizo alikuwa na mazoea mapya: alishindwa kukaa chumba chenye kioo kikubwa, na alipoulizwa saa na mtu yeyote, hata mtoto, jasho lilimtoka.

Wiki moja kabla ya sherehe alitakiwa kufuatana na Waziri kukagua kiwanda. Aliomba udhuru wa tumbo, ukakataliwa. Basi akatembea nyuma ya Waziri katika suti ya kijivu, kati ya mistari ya vyerehani, na kila walipofika mafundi walisimama wakawaamkia. Wapiga picha walikuwa mbele yao wakirudi kinyumenyume.

Alikiona cherehani cha dada yake kutoka mbali. Alikuwa amejipa moyo njia nzima: akifika atamshika mikono, atasema dada, nisamehe, nitasema yote, hata wakinifunga. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu asubuhi na aliyaamini.

Mwantumu alisimama. Ilimchukua muda, akishika ukingo wa meza. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba miguuni. Aliyemzidi miaka kumi na mmoja, aliyembeba mgongoni mwaka mzima alipoumwa, alimtazama mdogo wake machoni bila hasira yoyote. Kisha akapiga goti, mbele ya watu elfu nne, taratibu kwa sababu ya miguu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema.

Waziri aligeuka kutazama. Mpiga picha akainua kamera. Shekolowa alifungua mdomo atoe yale maneno yake, akayatafuta yote, hata moja halikuja.

"Marahaba," akasema, na akapita kwa anayefuata.